Salama, Alhamdulillahi

Jumatatu, 11 Agosti
Bi Zeyana, mwenye hoteli, katuwekea akili mnemba kwenye simu. Kila asubuhi itazungumza na kila mfanyakazi, ipime nani yu karibu kuangushwa na uchovu. Huyo anapewa wiki ya mapumziko. Wiki nzima! Na Ijumaa dada yangu Adila anaolewa Mlingotini. Baba hatunaye, walii wa kumwoza ni mimi. Ruhusa zangu nimezimaliza. Ukweli siwezi kuusema: mwaka jana nilidanganya kwamba Adila anaolewa, nikaenda kutazama mpira Dar. Bi Zeyana alimtumia hadi doti ya khanga!

Jumanne, 12 Agosti
Sikuchana nywele. Nimepiga miayo mapokezi mpaka wageni wakaambukizwa. Mashine ikapiga, ikauliza habari za asubuhi. Nikasema njema. Za kazi? Salama. Za nyumbani? Wazima wote, alhamdulillahi. Ikashukuru, ikakata. Lo! Lakini mtu akisalimiwa afanyeje, aanze kulia? Mimi nimelelewa. Tarcis, mwenzangu wa mapokezi, kaulizwa habari akajibu mbaya, mgongo unamuuma. Hana haya!

Jumatano, 13 Agosti
Njia nzima nimekariri: nimechoka, nimechoka. Mashine ikaanza na shikamoo. Shikamoo! Nikaitikia marahaba, nikaiuliza na yenyewe imeamkaje. Tukaagana vizuri sana. Nimejichukia hadi saa sita.

Alhamisi, 14 Agosti
Majibu. Tarcis yu hatarini, aende akapumzike. Muhanna, yaani mimi, ni imara kuliko wote, ashike na zamu ya Tarcis. Bi Zeyana kanipongeza mbele ya watu. Tarcis kaniuliza, kwa kuwa ana nafasi, harusi ya Mlingotini ni saa ngapi. Nilimwalika mwenyewe, mjinga mimi.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimempa ami Shuaibu uwakala wa kumwoza Adila. Sheikh kapiga simu kuhakikisha, sauti imejaa mapokezi yote. Bi Zeyana alikuwa nyuma yangu. Akauliza, kwani Adila hakuolewa mwaka jana? Nikamwambia aliachika, masikini. Machozi yakamtoka. Akasema ningemwambia tu angeniruhusu, ndoa ya dada si jambo la kukosa. Moyo umeniuma. Nilitaka mkono wangu ndio umwoze. Tarcis kanitumia picha ya sinia la pilau, yeye na bwana harusi wanacheka.

Jumamosi, 16 Agosti
Kesho Bi Zeyana anakwenda Mlingotini kumpongeza bibi harusi na kumpa pole ya talaka. Nimempigia Adila kumwomba alie kidogo tu mbele yake, kwa heshima ya kaka yake. Kanitukana, kakata simu. Atalia, namjua. Mashine imeuliza habari za asubuhi. Salama kabisa, nimeijibu, na siombi radhi kwa mtu! Mwezi ujao kuna mpira mkubwa Dar. Adila akilia vizuri kesho, nitamwachisha tena.