Ndugu wa Marehemu na Gari la Viti Viwili

Fundi Abbasi alikufa Jumanne moja ya mwezi wa kwanza, mwaka 1956, akiwa amelala chini ya gari. Haikuwa ajali. Moyo ulisimama tu, miguu ikabaki nje kama ilivyokuwa ikibaki siku zote, na wapita njia wa Mtaa wa Narung'ombe wakaendelea kuisalimia. Abbasi hakuwa mtu wa kujibu salamu kabla hajamaliza kukaza nati, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Hata mkewe, Kijakazi, alimwekea chai pembeni akaondoka. Aliporudi adhuhuri, chai imepoa na haijaguswa, ndipo alipoinama kutazama.

Walimzika alasiri ile ile. Makaburini, watu walipokuwa wameinamisha vichwa kwa dua, mtu mmoja alikuwa ameinamisha chake kwa hesabu. Huyo alikuwa Bushiri.

Bushiri alizaliwa Lindi, lakini ujanja wake wote aliukusanya Kariakoo. Alijiita dalali. Dalali wa nini, ilitegemea umesimama mbele yake ukitafuta nini. Aliwahi kuuza tikiti za mpira wa Jangwani Jumatatu, na mechi yenyewe ilikuwa imechezwa Jumapili. Alipoulizwa na polisi, alisema aliwauzia watu kumbukumbu. Hakuwa na uhusiano wowote na marehemu, ila hakuwahi kukosa mazishi. Alisema kwenye mazishi watu husema kweli kuhusu mali.

Na kweli aliisikia. Mzee mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba Abbasi hakuacha mtoto wala ndugu, ila ameacha gari. Lilikuwa gari la mbio, jekundu, viti viwili, paa la turubai. Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya alimuuzia Abbasi likiwa mzoga, na Abbasi akalihangaikia miaka miwili mpaka likatembea. Nia yake ilikuwa kuliuza, anunue mabati. Kule Magomeni alikwisha kujenga vyumba viwili vya udongo, kuta zimesimama, juu mbingu. Masika ikizikuta kuta zile bila paa, zitarudi kuwa tope.

Bushiri aliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Alijua jambo moja lililompa usingizi mtamu: Kijakazi alikuwa ameingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki, hapiti sokoni, haulizi bei ya kitu. Kwa maoni ya Bushiri, sheria ile ilikuwa imetungwa kwa kumfikiria dalali.

Siku ya kumi na nane akabisha hodi. Kijakazi alikaa chumbani nyuma ya pazia. Kizingitini aliketi jirani yake, Theopista, Mngoni wa Songea aliyeuza vitumbua, ambaye tangu msiba uanze alikuwa mlango, mjumbe na masikio ya mjane.

"Shikamoo, Mama," Bushiri aliliambia pazia.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Bushiri, mama. Mimi na marehemu tulikuwa pete na kidole."

"Hakuvaa pete," lilijibu pazia.

Bushiri akakohoa. "Nimekuja kwa ajili ya lile gari. Nimelitazama, nimesikitika. Lile si gari tena, mama. Lile ni msiba wa pili. Lakini kwa mapenzi niliyokuwa nayo kwa marehemu nimepata Mhindi mmoja anayenunua vyuma. Anatoa mia tatu."

"Mume wangu alisema elfu moja na mia nne."

"Marehemu alikuwa na moyo mkubwa. Ndio uliomuua."

Theopista alimtazama kwa jicho ambalo lingekaanga kitumbua bila mafuta. Kijakazi alikuwa akifikiria mawingu, na wanaume wote waliosema watakuja kulitazama gari na hawakuja.

"Tuandikishane," alisema mwishowe.

"Karatasi za nini, mama?" Bushiri alishtuka. Jina lake lilikuwa na mazoea mabaya: kila lilipoandikwa mahali, polisi walilisoma. "Kati ya mimi na marehemu palikuwa na karatasi? Neno langu linatosha."

"Haya. Theopista ni shahidi kwamba hukutaka karatasi."

Theopista akapokea shilingi mia tatu, akazipitisha chini ya pazia, na ufunguo ukatoka kwa njia ile ile. Bushiri aliwasha gari kwa hendeli mara saba, akakata kona ya Mtaa wa Sikukuu akipiga honi kama anayekwenda kuoa.

Hakuwa na safari ya kwa Mhindi. Alikuwa na safari ya Mtaa wa Mkunguni, kwenye ghala la Kasmir.

Kasmir alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mfanyabiashara wa karanga na asali, mtu wa kifua kipana na kicheko kinachosikika mitaa miwili. Kila siku alitoka Ilala kwa baiskeli, na kila siku mwenzake wa duka la tatu, aliyekuwa na gari, alimpita akimwachia vumbi. Kasmir alikuwa ameapa kununua gari. Na kwa kuwa alipenda makubwa kwa bei ndogo, alitaka gari la Mzungu kwa bei ya punda.

"Bwana Kasmir!" Bushiri alisimama mbele ya ghala bila kuzima injini, kwa kuwa hakuwa na hakika nayo. "Nimekuletea heshima yako."

Kasmir alilizunguka gari. Wachukuzi wakatua magunia, muuza machungwa akasogea na kapu lake. Baada ya muda mfupi palikuwa na baraza zima la watu wasionunua kitu.

"Mimi nataka gari la kuendea kazini kila siku," alisema Kasmir. "Hili si la kuchezea?"

"La kila siku hasa! Mzungu alikwenda nalo ofisini asubuhi, nyumbani mchana, klabu jioni."

"Mbona limechakaa?"

"Halijachakaa, limekomaa."

"Na gunia la karanga nitaweka wapi?"

"Kiti cha pili."

"Na mke wangu?"

"Hapo, Bwana Kasmir, itabidi uchague."

Watu wakaangua kicheko. Kasmir naye akacheka, akajibana nyuma ya usukani. Gari likainama upande mmoja kwa adabu. Akashika usukani, akatazama kushoto, akatazama kulia, na kila aliyemwona alijua kwamba amekwisha kununua, bado kukubali tu.

"Kiasi gani?"

"Elfu moja na mia sita."

"Mwenye mali nani?"

Swali hili Bushiri alilitegemea. Akisema ni lake, angeulizwa karatasi; akisema la mjane, Kasmir angekwenda kwa mjane, na dalali angebaki na hewa. Akavua kofia, akalegeza uso.

"Ni gari la kaka yangu, Abbasi, fundi wa Narung'ombe. Amefariki majuzi. Mimi ndiye mdogo wake, baba mmoja, mama mmoja. Ndiyo maana naliuza huku moyo unavuja."

"Pole sana. Ninyi watu wa wapi?"

"Kisarawe," alisema Bushiri, maana Abbasi alikuwa wa Kisarawe, na uongo mzuri hukaa karibu na nyumba ya kweli. "Wazaramo wa damu."

Kasmir aliachia usukani taratibu. "Wazaramo?"

"Wa asili kabisa."

"Nyinyi mmesikia?" Kasmir aliwageukia wachukuzi. "Mzaramo amefiwa! Mtani wangu amekufa, amezikwa, na mimi Mnyamwezi sijachukua changu!"

Sauti ya furaha ilipanda Mtaa wa Mkunguni kama bao limefungwa. Mtu wa Lindi aliishi Kariakoo miaka kumi na miwili, alijua bei ya kila kitu, ila alikuwa amesahau kuuliza undugu anaouvaa una madeni gani. Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi ana haki ya kubeba chochote cha wafiwa, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Wanakomboa kwa mbuzi.

"Bwana Kasmir, tulikuwa kwenye biashara..."

"Biashara baadaye. Nimelitwaa! Kama hulipendi, kamshitaki babu yako kule kaburini. Ndugu wa marehemu, nifuate kwa miguu!"

Na gari likaondoka. Bushiri akakimbia nyuma yake, kofia mkononi. Nyuma ya Bushiri wakakimbia wachukuzi, nyuma yao muuza machungwa, ambaye siku hiyo aliuza kapu zima njiani.

Narung'ombe, Kasmir alipiga honi mlangoni mpaka wazee watatu wa msikiti wakatoka barazani.

"Hodi wafiwa! Mtani nimekuja! Nimebeba gari la maiti wenu, asiyetaka aseme! Na ndugu wa marehemu huyu hapa, anahema kama mbwa wa tajiri!"

Theopista alifungua mdomo kusema marehemu hakuwa na ndugu. Mkono ukatoka upande wa pazia, ukamfinya. Kisha sauti ya Kijakazi ikatoka, laini, ya mtu aliyefarijika.

"Ni shemeji yangu? Shemeji umefika! Mbona mazishini ulisimama mbali kama mgeni?"

Bushiri alisimama katikati ya ua. Mbele yake palikuwa na wazee watatu, nyuma yake mtaa mzima. Akisema yeye si ndugu, basi alikuwa akiuza mali ya marehemu kwa jina la uongo, na mashahidi walikuwa zaidi ya thelathini. Akisema ni ndugu, itamgharimu mbuzi tu. Kila tapeli huwa na siku moja ya kupiga hesabu vibaya.

"Ni mimi, shemeji," alisema. "Huzuni ilinizidi."

"Komboa basi!" alifoka Kasmir. "Mbuzi mmoja, dume, mnene, na uniombe radhi kwa kufiwa bila kunialika."

Bushiri akaomba radhi, watu wakicheka. Akatoa fedha ya mbuzi, shilingi thelathini, za mwisho mfukoni. Akapangusa jasho, akanyoosha mkono.

"Haya. Nimekomboa. Nipe ufunguo."

"Asante sana, shemeji," lilisema pazia. "Umeirudisha mali msibani. Mpe Theopista ufunguo."

"Lakini gari nimelinunua! Nimetoa mia tatu!"

"Umenunua?" mzee mmoja aliuliza. "Gari la kaka yako? Kwa karatasi gani?"

"Hakutaka karatasi," alisema Theopista. "Mimi ni shahidi."

"Zile mia tatu," alisema Kijakazi, "nilizipokea kama rambirambi ya shemeji. Wazee wangu, katika mtaa huu nani ametoa rambirambi kubwa kama hiyo?"

Wazee walitikisa vichwa kwa heshima. Mmoja wao alimshika Bushiri bega, akamwambia kwamba ndugu wa aina yake siku hizi wamekuwa adimu, na kwamba watamtazamia aje kumwezekea mjane paa.

Bushiri alisema anakwenda kuleta misumari. Alikata kona ya Msimbazi kwa mwendo wa mtu anayefuata misumari ya nchi nyingine.

Ua ulipotulia, Kasmir alibaki ameegemea gari. Theopista alimnong'oneza ukweli, na kicheko chake kikarusha njiwa wa paa la jirani. Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa boneti, pale rangi ilipokuwa imepakwa kwa mkono, taratibu, bila alama ya brashi.

"Mama, huyu mume wako alikuwa na mkono."

"Alikuwa nao."

"Alisema bei gani?"

"Elfu moja na mia nne. Na nitaandika karatasi."

Kasmir alizoea kupunguza bei hata ya sadaka. Alikuna kichwa, akatazama pazia, akatazama gari.

"Mabati mtayapeleka Magomeni kwa chombo gani?" aliuliza. "Nitawapa na mkokoteni."

Vyumba vya Magomeni viliezekwa wiki mbili kabla ya mvua. Eda ilipokwisha Kijakazi alihamia huko, na Theopista akapanga chumba cha pili. Kasmir huenda kazini kwa gari lile kila siku, gunia la karanga kwenye kiti cha pili, mkewe kwa miguu. Likiharibika hupelekwa kwa fundi wa Ilala, na huyo hujibu salamu mara moja.