Paa la Gari la Dada

Jumatatu, 3 Machi

Dada kaondoka. Hatimaye! Kazini kwake wamempeleka kozi mji wa mbali, hatarudi mpaka Jumapili. Kaniachia Mama, funguo za gari, na maagizo ya kunitosha mwaka mzima. Gari ni la kumpeleka Mama hospitali Jumanne na Ijumaa, kwenye mashine ya kusafisha damu, maana figo zake zilishaacha kazi. Si la kwendea dukani. Si la kupakia rafiki zangu. Kanishika sikio akisema hayo, mimi mtu mzima mwenye mvi!

Jioni nilikuwa kibarazani, nikamwona jirani yetu Bwana Miwani akirudi na gari lake la wazi. Watu humkodi awatembeze jijini, awaonyeshe majengo na kuwasimulia habari zake. Paa lake hujikunja kwa kubonyeza kitufe. Leo kalikunja na kulikunjua mbele ya geti letu bila sababu yoyote. Kijicho sina. Nimejiuliza tu: gari la Dada limepungukiwa nini? Halijapungukiwa. Lina paa la ziada.

Jumanne, 4 Machi

Nimemfikisha Mama hospitali mapema. Muuguzi kanisifu mbele ya watu, kasema laiti wana wote wangekuwa hivi. Mama akishaunganishwa na mashine hukaa mpaka mchana, kwa hiyo nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, nyuma ya soko la vyuma chakavu.

Fundi kaniuliza kama gari ni langu. Nikamwambia ni la familia, na mimi ni familia. Akasema gari lililotengenezwa na paa hulitegemea paa hilo, ukilikata mwili wote unalegea na milango inagoma. Mafundi kwa woga! Nikamwambia akate. Kelele za grenda ziliniingia hadi kwenye magego, lakini nilisimama kidete. Lile paa nikamwachia liwe sehemu ya ujira wake.

Nilipomfuata Mama, alisimama mlangoni mwa hospitali na mkongojo wake, akalitazama gari kwa muda. Akauliza paa limekwenda wapi. Nikamjibu ndio mtindo wa sasa, na kwamba nimepata kazi: nitatembeza wageni. Akashika kichwa. Halafu akauliza taratibu, kazi ya kweli? Nikasema ya kweli kabisa. Basi akajifunga mtandio vizuri, akapanda. Jua lilikuwa zuri na upepo mwanana. Mama kainua uso, kafumba macho, katabasamu njia nzima. Tulipofika nyumbani akasema Dada atatuchinja sote wawili.

Jumatano, 5 Machi

Fundi yule ana kisirani. Milango ya nyuma haifungi, ya mbele haifunguki. Ya nyuma nimeifunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Ya mbele mteja atairuka tu, inapendeza zaidi, kama watu wa sinema.

Bwana Miwani kaja. Kalizunguka gari, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kutazama maiti. Kauliza kwa adabu kama ajali ilikuwa mbaya sana. Halafu kauliza mvua ikinyesha nitafanyaje. Nikamwonyesha mbingu: nyeupe pe! Wivu mtupu. Nimeandika kibao kwa rangi nyekundu: ZIARA YA FAHARI, GARI LA WAZI, MWONGOZO BINGWA. Rangi iliyobaki nimepaka kwenye kingo zilizokatwa, zisichane wateja.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi. Nimezaliwa jiji hili lakini sijui lolote kuhusu majengo yake. Haidhuru. Nimempakia Mama kama mteja, tukazunguka. Penye posta ya zamani nilisema hapa palikuwa jumba la malkia aliyekufa kwa mapenzi. Mama akasema hapana, palikuwa ghala la chumvi, na yeye alishona magunia mle akiwa na mimba yangu. Nikamweleza wageni hawapandi gari kusikia habari za magunia. Akakubali. Akasema labda kweli mimi naijua kazi hii kuliko yeye. Akaniita kitindamimba wake, jina ambalo hajaniita tangu niliposhindwa biashara ya vifaranga.

Jioni miguu yake ilikuwa imevimba, kama kawaida ya siku moja kabla ya mashine. Nimepita hotelini. Bawabu ameahidi kunipatia mteja. Kuna mawingu kidogo upande wa milimani.

Ijumaa, 7 Machi

Mteja! Bawabu kapiga simu asubuhi: mzee mmoja mwenye kofia, yuko peke yake, anataka kuliona jiji, na anataka sasa hivi. Sasa hivi ndio saa ya Mama kwenda kwenye mashine. Mwingine angechagua. Mimi sichagui. Nimemketisha Mama nyuma, nikampitia mgeni, nikamtambulisha Mama kama mshauri wangu wa historia. Mgeni karuka mlango bila kulalamika, na umri ule! Kamsalimu Mama kwa heshima, kamuuliza anakwenda wapi. Mama kasema hospitali, lakini asijali, muda upo.

Muda haukuwepo. Penye posta nilimweleza habari za malkia, na kwa kuwa mgeni alisikiliza vizuri nikampa malkia watoto pacha. Penye mnara wa saa nilisimama tena. Mgeni akaniuliza si tungempeleka mama kwanza? Nikamwambia ratiba ni ratiba. Akaniuliza tena. Nikampeleka darajani.

Darajani ndipo ilipotukuta. Si manyunyu, mvua ya kumwagwa kwa ndoo! Na foleni mbele na nyuma, hakuna pa kugeuzia. Bwana Miwani akatokea ubavuni mwangu, kwenye njia ya kushoto iliyokuwa ikisogea. Akabonyeza kitufe. Paa likajifunga polepole, naapa alilipunguza mwendo makusudi. Kisha akateremsha kioo, akasema nimpe Mama, yeye anakata kushoto, atamfikisha hospitali mara moja akiwa mkavu.

Mbele ya mteja wangu! Nikamwambia ziara yangu haijaisha na abiria wangu hawagawiwi. Mgeni akanishika bega, akasema hili si jambo la mzaha. Miwani akaniacha mimi, akamwambia Mama moja kwa moja ashuke. Hapo Mama mwenyewe akajibu. Alisema ahsante baba, lakini atakwenda na mwanawe, mwanawe yuko kazini. Ndiyo! Kamkata ngebe. Miwani akasubiri kidogo, magari ya nyuma yakampigia honi, akaenda zake.

Mgeni alivua koti akamfunika Mama, akamshikia kofia juu ya kichwa. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Foleni haikusogea kwa muda mrefu.

Tulipofika hospitali mashine ilikuwa na mtu mwingine. Muuguzi aliyenisifu Jumanne leo alikuwa na maneno mengine. Kasema turudi kesho alfajiri, na Mama akibanwa na pumzi tusingoje hiyo kesho. Mgeni akakaa na Mama ukumbini mimi nikichota maji garini kwa kopo. Nilipomkumbusha kwamba soko la samaki bado hatujaliona, alinigeuzia mgongo, akamfunga Mama lile koti vizuri. Watalii wengine hawajui wanachotaka.

Jumamosi, 8 Machi

Mama kaamka hawezi kulala chali, anahema kama mtu aliyekimbia. Gari haliwaki. Limekunywa maji. Nimelisukuma, nimelitukana, haliwaki. Nikaenda kugonga kwa Bwana Miwani. Kaja na nguo za kulalia, kambeba Mama mikononi mwake, kamlaza kiti cha nyuma.

Daktari kasema maji yamejaa mapafuni. Wamemwekea hewa. Mashine ilikuwa ya jana, kasema, na kauliza kwa nini hakuletwa. Nikamwambia foleni.

Nimempigia Dada. Nilisema Mama hajisikii vizuri kidogo. Akasema anapanda basi la kwanza. Basi la kwanza! Na gari halina paa! Nikakimbia kwa fundi. Paa kaliuza. Kamuuzia mama mmoja mfuga kuku, mtaa wa pili.

Nimeliona. Limelala juu ya banda, limefungwa kwa waya, na ile taa ndogo ya ndani bado inaning'inia juu ya kuku. Nikamsihi. Akasema haliuzi, jana mvua yote ile vifaranga vyake havikupata hata tone. Nimembembeleza mpaka jioni. Kasema nije kesho asubuhi, huenda akalifikiria. Hospitali sikurudi, ningerudi na uso gani?

Jumapili, 9 Machi

Mama amefariki asubuhi.

Dada alimkuta ana fahamu bado. Walizungumza. Bwana Miwani alikuwepo pia. Mimi nilikuwa kwenye banda la kuku, nikijadiliana na yule mama. Alikuwa amekubali. Nilikuwa juu ya banda, nafungua waya, simu ilipolia.

Mama yangu.

Jumatano, 12 Machi

Tumezika jana. Nyumba imejaa watu. Dada hasemi nami. Alinipa neno moja tu, juzi, alipoliona gari uani na paa limelazwa juu yake limekaa upande, na kinyesi cha kuku. Aliniuliza, kwa nini? Nikaanza kumweleza kuhusu njia za biashara. Akaingia ndani.

Leo yule mgeni kaja. Sijui nani alimwelekeza, nadhani Miwani. Kakaa karibu na Dada, kamwambia mimi nikiwa hapohapo. Kasema pale ukumbini hospitali, akisubiri, Mama alimweleza kwamba siku zote akipanda gari anapelekwa kudungwa sindano. Jumanne ile ndiyo mara ya kwanza kupigwa na upepo usoni akiwa njiani kurudi, akajisikia kama msichana. Na mgeni alimuuliza kwa nini alikataa kwenda na yule jirani. Mama akamjibu kwamba mwanawe hajawahi kushika kazi ikadumu, na akishuka mbele ya mteja atamvunja. Akasema kulowa si kitu.

Dada alilia. Mimi nililia kuliko Dada. Nilitoka nje kwa sababu sikuweza kuzuia sauti, nikajiegemeza kwenye ukuta wa choo nikalia mpaka kifua kikauma. Alikuwa anajua! Alikuwa anajua saa ya mashine inapita, na akakaa kwenye mvua kwa ajili yangu.

Ilichukua muda kutulia. Nimefikiri sana. Mama mwenyewe aliufurahia upepo. Huo ni ushahidi, na kautoa kwa mteja, si kwangu. Wazo halikuwa baya. Gari ndilo lilikuwa dogo, basi, na msimu haukuwa wenyewe. Mtu akiwa na chombo kirefu angepakia wagonjwa wote wanaorudi kutoka kwenye mashine, awapitishe mjini wapunge hewa. Ingeitwa kwa jina la Mama.

Mjomba, kaka yake Mama, kaja msibani na basi lake dogo analochukulia watoto wa shule. Kaliegesha kando ya choo. Nimeligonga paa kwa vidole. Bati jepesi. Mjomba kalala, na funguo kaziacha mezani, karibu na picha ya Mama. Haondoki mpaka Jumapili.