Dirisha, Gauni la Mahameli na Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimezaliwa upya! Kwenye robota jipya la nguo kuukuu, chini kabisa, chini ya mapazia, nimekuta gauni la jioni. Mahameli ya kijani, nzito kama blanketi. Zipu ya chuma, tena iko ubavuni. Nimelinusa. Linanukia watu waliozoea kufunguliwa mlango wa gari.

Limekuja wakati wake. Mke wangu ndiye fundi na ndiye mwenye duka, na ameshatangaza: Jumamosi anaamua nani apewe dirisha la mbele. Ama mimi na magauni yangu, ama kaka yake na viatu vyake. Atakayekosa atakaa nyuma, karibu na choo. Huko nimekaa tangu tufungue duka. Wateja wanaonifahamu ni wale walioshikwa na haja tu.

Shemeji amepita, akaliangalia gauni, akauliza kama siku hizi nauza mapazia. Acha acheke.

Jumanne, 4 Machi

Nilikuwa kwa kinyozi, nikasoma gazeti la mitindo. Kumbe wajuzi hulitambua gauni la mshonaji mkubwa kwa lebo! Nimerudi dukani mbio, povu shavuni.

Aibu tupu. Lebo ya gauni langu imekuwa ya manjano kama jino. Jina limefifia. Pembeni kuna namba, na mtu kaiandika kwa mkono, kwa wino! Hata kushonwa imeshonwa kwa mkono, pembe nne tu, basi. Mshonaji gani mkubwa anafanya mambo ya kimaskini hivi? Gauni la hadhi hii haliwezi kutembea na kitambulisho cha namna hiyo.

Dawa nimeipata. Duka la vifungo wanauza lebo za dhahabu, zinametameta, na chini zina vipicha vya beseni na pasi. Nimechukua mbili zenye jina refu nisiloweza kulitamka. Dalili nzuri.

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu alipotoka nikakalia cherehani yake. Lebo ya zamani nje, ya dhahabu ndani. Gauni limeng'aa mpaka nimelipigia makofi.

Ile ya zamani sikuitupa. Mimi si mbadhirifu. Shemeji anaishi nasi, na kila fulana yangu ikianikwa yeye huivaa na kudai ni yake. Basi nimeishona lebo hiyo shingoni mwa fulana yangu nzuri, iwe alama yangu. Abishe sasa!

Halafu nikampigia simu Mama Lenzi. Huyu mama hukagua magauni ya zamani kwa ajili ya jumba la makumbusho, na lenzi yake huining'iniza shingoni. Nimemwambia nina kitu ambacho hajapata kukiona. Anakuja Ijumaa. Mke wangu akauliza kama nina uhakika. Nikajibu mia kwa mia. Akanitazama kwa macho ya mtu anayetaka sana kuniamini. Afadhali angenifokea.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji kapanga viatu dirishani. Eti anapima nafasi. Nimevitoa. Kavirudisha. Nimevitoa. Mke wangu katutoa sisi.

Ijumaa, 7 Machi

Moyo bado unanidunda.

Mama Lenzi alianza vizuri. Akaligeuza gauni ndani nje. Akasifu zipu. Akasifu pindo, akasema mkono uliolishona ulijua kazi. Mimi navimba tu. Kisha akafika kwenye lebo. Akaniuliza tangu lini gauni lililomzidi yeye umri likafundisha watu kufua kwa vipicha. Lebo mpya, akasema, uzi wa nailoni, mshono wa juzi. Shemeji akakohoa kwa raha. Mke wangu akainamia sakafu.

Nikatokwa na jasho jembamba. Kwaheri dirisha!

Lakini mama wa watu hakuondoka. Akainama tena na lenzi. Akatuonyesha: kando ya dhahabu yangu, bitana ina kipande ambacho hakijapauka, na pembeni kuna vitundu. Hapa palikaa lebo nyingine kwa miaka mingi, akasema. Kama ipo, na kama ina namba ya mkono, basi gauni alishonewa mtu mmoja tu duniani. Iko wapi?

Nikasema iko mahali salama. Wapi? Nikasema si mbali. Mke wangu akaniuliza polepole, mume wangu, wapi?

Nilikuwa nimeivaa.

Nikajitosa kwenye chumba cha kujaribia nguo. Fulana imeshikana na jasho, haitoki. Shemeji akaja kunisaidia kuvuta, halafu akasimama ghafla akasema kumbe hii fulana ni yake. Tukaivutania! Mama Lenzi akafungua pazia, akatuamuru tutulie, akaweka lenzi shingoni mwangu, mimi nikiwa bado nimo ndani. Pumzi yake ikanitekenya. Nikaangua kicheko. Naye akacheka. Mke wangu akaanguka kitini, anacheka huku anajifuta machozi.

Vitundu vimelingana. Namba ipo. Gauni ni lenyewe!

Jumamosi, 8 Machi

Dirisha ni langu! Mke wangu ametamka mbele ya kaka yake kwamba jicho langu halina mfano, ila mikono yangu ingefaa ifungwe. Nimesikia nusu ya kwanza tu. Nusura nilie kwa furaha.

Gauni limekwenda makumbusho pamoja na lebo yake na fulana yangu. Mama Lenzi amekataa katakata mtu wa duka hili ashike mkasi. Shemeji amehamia karibu na choo, anawaelekeza watu.

Nimeapishwa pia. Sitagusa lebo ya gauni lolote tena, maisha yangu yote. Nimeapa kwa moyo mweupe.

Jumatatu, 10 Machi

Heshima iliyoje! Mama Lenzi ameniachia mimi, mkononi, koti lake likazwe vifungo. Koti la zamani, zuri sana. Lakini lebo yake, jamani! Ya kijivu, imekunjamana, haisomeki. Mwanamke wa hadhi yake!

Nilikuwa nimebakiwa na moja ya dhahabu. Kiapo nakikumbuka vizuri, na kilihusu magauni. Hili ni koti.

Anakuja kulichukua saa kumi. Sijui atanishukuruje.