Ombi la Kuzungusha Gari Uwanjani mwa Kanisa

Nordvik, Minnesota

Waheshimiwa Wazee wa Kanisa,

Poleni na majukumu. Mimi ni Verlyn Tostrud, muumini wenu wa benchi la nyuma, karibu na hita. Nawaandikia kwa uchungu, baada ya kufukuzwa kwenye uwanja wa kuegesha magari, ilhali siku za kazi uwanja ule ni wa bata bukini tu.

Mnajua binti yangu Marit anafunga ndoa Jumamosi, na tangu akiwa mdogo nimemwahidi kumtoa kanisani hadi ukumbi wa sherehe kwa gari langu jekundu. Kwa ajili hiyo nimeifungua difu ya nyuma, ile yenye klachi ndani, inayolazimisha matairi yote mawili kusukuma hata kwenye theluji. Nimetoa pleti za klachi zilizolika, vile visahani vya chuma, nikapanga mpya kwa mikono yangu. Kinachofuata kila mtu hapa anakijua: gari linazungushwa taratibu kwa umbo la nane mahali pa wazi, ili oili ipenye na pleti zizoeane. Nilikuwa nazizoesha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mchungaji Brekke alitoka na joho lake akaniambia, "Verlyn jamani, humu ndani tunazika!" Nikapunguza mwendo. Zaidi ya hapo sijui alitaka nini. Marehemu mwenyewe alipenda magari, na naamini angeweza angetoka kutazama.

2. Inasemekana gari linakoroma likikata kona. Ni kweli linakoroma, na linatetemeka hadi kioo cha pembeni kinatazama mbinguni. Ndiyo maana linahitaji kuzungushwa zaidi. Mgonjwa hafukuzwi hospitali eti kwa sababu anakohoa.

3. Bi LaVonne, mpiga kinanda wenu, kila nikipita anafungua dirisha na kupiga kelele: "Wee Verlyn! Trei yangu ya kuokea iko wapi?" Sikatai, pleti za klachi niliziloweka kwa oili humo, kwenye trei ile yenye jina lake chini. Zikifungwa kavu zinaungua. Je, angefurahi ziungue? Naomba aonywe, maana mtu anayewaza viazi vya kuoka wakati wa mazishi hana unyenyekevu.

4. Nguzo ya bendera iko katikati kabisa ya nane yangu. Naomba ing'olewe. Ikishindikana, libomolewe darasa la shule ya Jumapili. Watoto ni wanne tu, wanaweza kusomea jikoni, na kule kuna joto.

5. Hili ndilo linaloniuma hasa. Marit aliposikia mkoromo alinishika bega akasema, "Usijali Baba, nitapanda pikapu ya mjomba wake bwana harusi." Pikapu ile hubeba nguruwe! Wazee wangu, mtoto huyu alijifunza kusoma kwenye kiti cha mbele cha gari langu, akisoma vibao vya barabarani. Siwezi kusimama ngazini namwona anaondoka na harufu ya nguruwe. Nitalia, na mimi nikilia ninasikika.

Naomba uwanja, leo hii. Nisalimieni wanakwaya, akina mama wa kahawa, na hata bata.

Wenu mtiifu aliyekosewa,
Verlyn Tostrud

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Marit ameamua kuiosha ile trei ili airudishe. Chini ya matambara yaliyolowa oili amekuta kichupa cha dawa ya klachi, ile ya kumimina ndani ya difu ili pleti zisikorome. Hakijafunguliwa. Siku zote hizi nilikuwa nazungusha pleti zenye kiu ya dawa, na Bi LaVonne angepewa trei yake alipoidai mara ya kwanza, tungekuwa tumeshamaliza. Nguzo ibaki. Darasa libaki. Mwambieni trei inarudi, ila asipikie bado. Dawa nimeshamimina, na Marit amesema, "Nitapanda, Baba. Ila kwenye kona nitashuka nitembee." Kutoka kanisani hadi ukumbini kona ni moja tu. Niruhusuni mizunguko michache, nawasihi, mtoto asishuke.