Macha ya Asumini kwa Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe anakuja Jumapili. Mwanyumba wangu naye atakuwepo, yule wa benki aliyemwoa dada wa mke wangu. Yeye mama humwita mwanangu. Mimi huniita fundi bomba. Miaka yote hii! Na kisa ni mashine ya kahawa aliyompelekea. Basi nimepata dawa yake. Nimeona kinywaji kwenye simu: macha, ile chai ya kijani ya unga, na maziwa baridi, sharubati ya maua, na chini kabisa vidonge laini vya muhogo vya kutafuna. Jumapili nami nitaitwa mwanangu, potelea mbali!

Jumatano, 5 Machi

Nimefinyanga vidonge kwa unga wa muhogo uliokuwa kabatini. Nikavitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Vyote vikayeyuka! Sufuria nzima ya uji. Mke wangu akauliza kama maelekezo hayakusema wanga wa muhogo. Yalisema. Nilidhani ni madoido. Tumeunywa uji wote, na kusema kweli ulikuwa mtamu.

Ijumaa, 7 Machi

Wanga umepatikana. Vidonge vinang'aa, vinadunda mezani. Ni vikubwa kama gololi, lakini mgeni wa heshima hapewi vidogo.

Alfajiri nilinyemelea asumini kwenye ua wa jirani, muuguzi mstaafu. Akanifuma mkono ukiwa mauani. Nikamwambia nakagua bomba. Akasema hapo hapajawahi kupita bomba, kisha akanijazia bakuli la maua huku akicheka. Nimeyaloweka kwenye sharubati ya moto. Nyumba nzima inanukia, mke wangu anaimba jikoni. Raha tupu.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa! Mirija ya dukani ni myembamba, vidonge havipiti. Lakini fundi ni nani hapa? Nimekata vipande vya mpira mpya wa maji ya kunywa, nikavichemsha, nikavipiga msasa kwenye ncha. Mke wangu kauliza kama nitafunga na koki. Anajifanya hajapendezwa.

Jumapili, 9 Machi

Mama akavuta. Kidonge kikanasa. Akavuta tena, macho yakamtoka. Mwanyumba akajikohoza kwa furaha. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nikamwambia autoe mrija kwenye glasi apulize kwa nguvu. Bomba likiziba tunafanya hivyo.

Akapuliza. Kidonge kikampiga mwanyumba katikati ya paji la uso, kikateremka taratibu kwenye shati lake jeupe. Nikajua nimekwisha.

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Sijawahi kumwona akicheka hivyo nyumbani kwangu! Hata mwanyumba akacheka. Mama akafuta machozi, akanishika bega, akasema mwanangu, achana na haya maua, nipikie chai ya rangi, ya moto.

Mwanangu! Nilikwenda jikoni nikalia kidogo. Akanywa chai yake, akakaa mpaka jioni akitupigia hadithi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari. Kilichomlainisha mama ni asumini, hilo halina ubishi. Chai ya rangi aliomba kwa adabu tu, hakutaka kunichosha. Akija tena naongeza mawaridi, na vidonge viwe vikubwa zaidi. Mirija haina shida. Nimeshakata mpira wa kumwagilia bustani.