Paskali Inafaa, Paskali Anafaa

Chama cha Msingi cha Wakulima wa Pamba
(jina nalihifadhi),
Kagongwa, Kahama.
Agosti, 1987

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Barua,

Kabla hujaendelea kusoma, tafadhali funga mlango. Kama ofisi yako haina mlango, geukia ukutani. Barua hii ni siri kuanzia tarehe mpaka sahihi, na nakuomba hasa usimwonyeshe mpiga chapa wako, maana masaibu yangu yote yameanzia kwa mpiga chapa. Najua ukurasa wako ni wa kuchapisha barua. Hii yangu naomba uisome tu, usiichapishe, kisha utoe amri. Nimekimbilia kwako kwa sababu katika watu wote wenye mamlaka, wewe peke yako ndiye unayewajibu wasomaji kwa majina yao.

Mimi ni karani kijana. Nimemaliza kidato cha sita, sina kesi, na sijawahi kumpazia mtu sauti. Mwezi Machi chama chetu kilipewa kompyuta na wafadhili. Ilifika pamoja na barua ya chuo kimoja cha Mwanza, iliyoeleza kwamba kompyuta haifanyi kazi yoyote mpaka iandikiwe amri, na kwamba amri hizo huandikwa kwa lugha maalumu. Chuo kilitutajia lugha nne, kisha kikatuuliza maswali mawili: mtaanza na lugha gani, na mtamleta nani ajifunze?

Swali la pili halikuninyima usingizi. Ofisini kwetu hakuna mwingine aliyesoma hesabu kufikia nilipofika mimi, na Mzee Maige, mwenyekiti wetu, alikuwa ameshaanza kuniita "Bwana Mashine". Nikajifungia na kijitabu kilichoambatana na barua, nikakisoma mpaka kikalegea. Kwa mtu asiyejua lolote, kijitabu kilisema, lugha bora ya kuanzia ni Paskali. Basi nikaiandikia Kamati maneno haya:

"Paskali inafaa kwa anayeanza. Ina utaratibu. Haikubali uzembe. Ukisahau hata nukta, inakusimamisha hapo hapo mpaka urekebishe."

Ndugu Mhariri, mlinzi wa ghala letu anaitwa Paskali.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Kuhusu herufi "i". Mpiga chapa wetu, dada Zipora, ni mtu wa heshima, na anasali kanisa moja na mke wa Paskali. Alipoona nimeandika "Paskali inafaa" alishtuka. Baadaye aliniambia, "We Nassibu, mtu mzima ana wajukuu, unamwita 'ina, ina' kama baiskeli? Nimekusitiri." Na kweli alinisitiri. Kila "i" aliigeuza kuwa "a". Kamati ikasomewa kwamba Paskali anafaa, ana utaratibu, hakubali uzembe, na ukisahau hata nukta anakusimamisha hapo hapo mpaka urekebishe. Wajumbe wote wakatikisa vichwa kukubali, kwa maana hakuna hata mmoja wao ambaye Paskali hajapata kumsimamisha getini. Mimi nilikuwapo, nikiandika kumbukumbu za kikao. Nilinyoosha kidole. Mzee Maige akasema, "Subiri kijana, wakubwa wanazungumza." Nikakishusha.

2. Kuhusu lugha zile tatu zilizobaki. Nilijipa moyo kwamba Kamati ikizijadili itagundua yenyewe kosa liko wapi.

Ya kwanza ilikuwa Besiki, ambayo chuo kilieleza kuwa maana yake ni "ya msingi". Mzee Maige alipandwa na hasira. "Sisi ni chama cha msingi toka tuanze. Kila mwaka tunaomba tupandishwe, tunaambiwa nyie bado wa msingi. Leo na mashine nayo itwambie hivyo hivyo?" Ikaondolewa. Ya pili ilikuwa Koboli. Kama hujafika Kagongwa, ujue kwamba hapa huwezi kuvuka barabara bila kukutana na mashine ya kukoboa mpunga. Wajumbe wakasema za kukoboa tunazo za kutosha, na wanaoziendesha hawakwenda kozi. Ya tatu ilikuwa Fotrani. Mzee Maulidi, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka Pangani na ambaye ndiye tegemeo letu kwa Kiswahili, aliweka kiganja nyuma ya sikio akauliza, "Nani? Fatani?" Kisha akawaeleza wenzake kuwa fatani ni mtu wa kuchonganisha watu, na kwamba yeye hawezi kutia sahihi ili fatani aletwe ofisini kwa jasho la wakulima.

Akabaki Paskali. Wanamjua, halewi, na sauti yake inafika mbali.

Hivyo maswali mawili ya chuo yalijibiwa kwa neno moja. Mtaanza na lugha gani? Paskali. Mtamleta nani? Paskali. Mzee Maige aliwapongeza wajumbe kwa kubana matumizi ya karatasi.

3. Kuhusu geti. Paskali alipoondoka, ghala lilibaki bila mlinzi. Kamati ikaona kwamba kwa kuwa mimi ndiye niliyempendekeza, bila shaka nilikuwa nimekwisha kufikiria nani atashika nafasi yake. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chake, nimevaa koti lake linalonifika kwenye vifundo vya miguu, na karatasi hii nimeilaza juu ya rungu lake. Naogopa mbwa. Naogopa ng'ombe wanaopita kwenda kunywa maji. Zaidi ya hao, naogopa watu. Mama yangu, Bi Mwahija, aliwatangazia majirani tangu mapema kwamba mwanawe anakwenda Mwanza kusomea kompyuta, na hajapata ujasiri wa kuwaambia vinginevyo, kwa hiyo kila jioni hunilazimu kuingia nyumbani kupitia uani nikiwa nimeinama. Nisipopata kozi ijayo, nitazeekea ndani ya koti hili.

4. Lalamiko la nne lilimhusu Mzee Maige. Nimelifuta.

5. Kuhusu barua ya Paskali. Ameandika kutoka Mwanza, na barua yake imebandikwa ofisini pembeni ya kalenda. Anasema: "Huku nimepokewa vizuri kupita kiasi. Kila mwanafunzi anatembea na kitabu chenye jina langu. Mwalimu akiingia anaandika jina langu ubaoni, ndipo somo linaanza. Jana binti mmoja alilia kwamba Paskali ni mgumu. Nikamwambia usilie mwanangu, utanizoea." Ofisi nzima imeisoma barua hiyo. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

6. Kuhusu chumba cha kompyuta. Kimefungwa, na ufunguo uko Mwanza katika mfuko wa Paskali. Kabla hakijafungwa, Mzee Maige aliingia kuikagua mashine. Kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, aliisalimu kwanza kama tunavyosalimiana huku asubuhi, akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, MWANGALUKA. Mashine ikamjibu kwa Kiingereza kwamba amekosea. Akatoka, akasema hajapata kuona mgeni wa namna hiyo, na ndipo akaagiza pafungwe, na Paskali, aliyekuwa akiondoka siku hiyo, aende na ufunguo mpaka arudi kuitia adabu.

7. Kuhusu watu wanaotaka kuwa lugha. Hili ndilo linalonitisha kuliko yote. Marcel wa mizani ameomba rasmi awe lugha, na ameambatisha cheti cha ubatizo. Wanachama wa upande wa Masumbwe wanalalamika kwamba haiwezekani lugha zote zitoke Kagongwa. Wanadai Msumbwa mmoja awe lugha kabla msimu wa pamba haujaisha. Mzee Maige amemwuliza Zipora, kwa sauti ya chini, barua ya kwenda Ulaya inachukua muda gani, maana angependa kujua taratibu za lugha kuitwa Maige. Juzi wachimbaji wa dhahabu kutoka Mwakitolyo walikuja getini wakiburuta kondoo. Wamesikia kwamba kuna mtu wetu anafundishwa kusema na vitu visivyo na masikio. Wanataka akirudi aende akaseme na duara lao, yaani lile shimo wanalochimba, limwambie dhahabu imeelekea upande gani. Nikawaeleza kwa upole kwamba kompyuta si mwamba. Mmoja akanitazama koti, akanitazama rungu, akasema, "Mlinzi, wewe linda. Utaalamu waachie wataalamu."

Nilirudi kukaa. Yule kondoo akanikalia mguu.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba mambo yafuatayo:

(a) Utangaze nchi nzima kwamba lugha ni "i" na mtu ni "a", na atakayezichanganya achukuliwe hatua.

(b) Wenye lugha hizi huko Ulaya waagizwe kuzipa majina ambayo hayajabatizwa wala kuchinjiwa akika.

(c) Hilo likishindikana, Paskali abadilishe jina kwa muda. Na ili asijione ameonewa, Paskali wote wa wilaya ya Kahama waitwe Donatus mpaka kozi iishe. Hilo la Donatus nimelitafuta kwenye kijitabu chote, si lugha.

(d) Unijibu kwa uaminifu: mtu anayeanza kabisa, asiye na mashine, asiye na mwalimu, asiye na ufunguo, aanze na lugha gani? Hilo hasa ndilo swali langu. Mengine yote ni uchungu.

Mtu hawezi kuwa lugha, wala lugha haiwezi kuwa mtu. Juu ya jambo hili sitarudi nyuma, hata wanipe rungu la pili.

Wasalimie wote ofisini kwako, wahariri wadogo na wakubwa, na wanaopeleka magazeti stesheni. Mpiga chapa mwambie tu kwamba sijambo.

Jibu lako litie katika bahasha isiyo na nembo, umkabidhi kondakta wa basi la Kahama. Ashuke Kagongwa penye mashine ya kukoboa yenye bati jekundu, asimwulize mtu yeyote habari zangu, aje moja kwa moja getini. Nitamsimamisha, ndiyo kazi niliyopewa. Akisema "Fatani", nitajua ametoka kwako.

Ni mimi, ndani ya koti lisilo langu,

Nassibu Shaaban
Karani (kwa sasa getini)

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha niifunge, Zipora akaja mbio. Kumbe Kamati, ili kunipoza moyo, iliandikia chuo wiki mbili zilizopita: "Baada ya Paskali, sasa tunapendekeza Nassibu." Majibu yamefika leo. Mkuu wa kozi anasema katika miaka yake yote ya kompyuta hajapata kusikia lugha inayoitwa Nassibu. Anauliza kama ni ya kuchezeshea bahati nasibu. Anaomba, ikiwa kweli ipo, iletwe Mwanza upesi, kwa gari la chuo, wataalamu waitazame.

Ndugu Mhariri, ipo. Inafaa kwa anayeanza. Ina utaratibu na haihitaji umeme. Nimemwomba Zipora apige chapa majibu na aweke "i" kila mahali; alinitazama kwa huruma akasema, "Haya, baiskeli, kama umeamua mwenyewe." Rungu nimemwachia Marcel, ambaye ombi lake la kuwa lugha halikupita. Mama amefungua mlango wa mbele.

Maombi (a), (b), (c) na (d) nayafuta. Barua naomba uichapishe, ila uanzie hapo nilipoandika "ipo". Yule kondakta asisumbuke tena kushuka Kagongwa. Kuanzia Jumatatu jibu lako lifike chuoni Mwanza, na mletaji asiulizie karani wala mlinzi. Aulize tu, "Nassibu imewekwa chumba gani?"