Ubongo Mpya wa Laptopu ya Mama Viatu

Dokta hakuwa daktari wa watu wala wa ng'ombe. Alikuwa fundi wa kompyuta kwenye kibanda chini ya ngazi za jengo la maduka, na wiki hiyo hali yake ilikuwa mbaya kuliko ya mgonjwa yeyote: mwenye jengo alimpa hadi Ijumaa alipe kodi, la sivyo kibanda apewe mwingine. Ndipo akamwona Mama Viatu, muuza viatu vya mitumba wa ng'ambo ya barabara, akija na laptopu kuukuu kifuani. Dokta akameza mate.

"Ukiiwasha leo inafunguka kesho," mama alisema.

Dokta akaigonga kidogo, akaiinamia kwa sikio. "Pole sana, mama. Ubongo umechoka. Lakini ninao mpya, umetoka kiwandani juzi."

Ubongo wenyewe ulikuwa flashi yenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao hutolewa bure kwa yeyote anayeutaka. Akamtuma mama akanywe chai, akaupakia pamoja na XFCE, sura ya madirisha na menyu isiyolemea mashine kongwe. Mama aliporudi, laptopu ilikuwa inapaa. Dokta akataja bei bila kupepesa macho.

"Kwangu mtu hujaribu kiatu kabla hajalipa," mama akasema. "Acha nikaijaribu."

Kesho yake akarudi na laptopu ya kijivu, imezubaa vilevile, mfumo wa zamani umo ndani kana kwamba hakuna aliyeugusa.

"Ubongo wako umekataa mwili, fundi."

Fundi mkweli angesema hilo haliwezekani. Dokta angelisemaje, naye ubongo hakuweka? Akajiambia kuna mpwa wa mama huko nyumbani anayechokonoa mashine. Akaipakia upya, safari hii kwa LXQt, iliyo nyepesi zaidi. Mama akashukuru, akaenda kujaribu.

Alhamisi akarudi tena, uso umejaa huzuni. Dokta akatoa silaha ya mwisho: Openbox peke yake, kioo kitupu, mpaka ubofye ndipo menyu ichomoze.

"Hii ikikataa, mama, basi tena."

"Ikikubali nakuletea pesa yako kesho asubuhi."

Asubuhi ya Ijumaa Dokta alikuta kibandani kufuli jipya likining'inia wazi na foleni ya watu wanaotaka kuchapiwa barua. Ndani, nyuma ya laptopu tatu za kijivu zilizofanana hadi mikwaruzo, alikaa Mama Viatu.

"Karibu, fundi. Nilizinunua pamoja mnadani, ofisi moja ilipofungwa, nikakuletea moja moja. Hawa wamenilipa kabla, nami nikamlipa mwenye jengo alfajiri, akanipa kibanda."

Dokta akazinyooshea kidole laptopu. "Mama, umeniibia."

"Nini? Ubongo?" Mama akafungua droo, akatoa bisibisi ya Dokta mwenyewe. "Tuzifungue basi, watu wote waone hizo bongo tatu za kiwandani. Nikizikuta, nakulipa zote."

Shingo za foleni zikarefuka.

"Usifungue, mama," Dokta akasema taratibu. "Ukifungua, dhamana inakufa."

"Nilijua utanishauri vizuri. Ile ya kwanza, XFCE, ndiyo imenipendeza, nyepesi na ina heshima. Hizo mbili nazo zifanye hivyo hivyo."

Dokta akavuta kiti cha wateja, akakaa, akaingiza flashi.